Mpangaji na Mpangaji: Kazi za Msanifu Ernst May Afrika Mashariki (1934–1954) Zikitazamwa kutoka Tabora

1.0 Utangulizi

Kitenzi kupanga kina maana mbili katika Kiswahili ambazo lugha nyingine huzitenga. Mtu hupanga mji, yaani huamua barabara ipite wapi na nyumba zikae vipi. Mtu pia hupanga chumba, yaani huishi katika nyumba ya mwenzake kwa kulipa kodi. Wote wawili huitwa wapangaji. Makala haya yanachunguza kazi za Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyeishi na kufanya kazi Tanganyika, Kenya na Uganda kati ya mwaka 1934 na 1954, na hoja yake kuu inaegemea maana hizo mbili. May alikuwa mpangaji wa aina ya kwanza, tena mmoja wa mahodari wa karne yake. Mpangaji wa aina ya pili, yule mgeni wa mjini anayetafuta chumba, pamoja na mwenye nyumba anayempokea, hawakupata nafasi ya kusema katika michoro yake ya nyumba za Waafrika. Walipopata nafasi hiyo, katika majengo ya umma, kazi ya May ilibadilika kuwa bora.

Tabora inatumika hapa kuwa kipimo. Makala haya hayadai kwamba May alijenga katika mji huo. Yanachodai ni kwamba swali alilokuja nalo, la jinsi ya kuwapatia makazi ya gharama nafuu watu wengi walioacha makwao, lilikuwa limekwisha kujibiwa kwenye barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji, takriban miaka themanini kabla yeye hajakanyaga Afrika. Majibu hayo yalikuwa yamesimama wazi, yakiwa na kuta na paa, na watu walikuwa wakiishi ndani yake.

2.0 Msanifu kabla ya Afrika

Ernst May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Alisoma kwa muda London, na kati ya mwaka 1910 na 1912 alifanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa miji ya bustani nchini Uingereza. Kwa Unwin alijifunza jambo alilolishikilia maisha yake yote, kwamba mji mkubwa ugawanywe katika vitongoji vidogo vinavyojitosheleza, vikitenganishwa na mashamba na miti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia makazi ya vijijini Silesia, akiwa Breslau, na mwaka 1925 aliitwa nyumbani Frankfurt kuongoza idara ya ujenzi ya jiji.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyompatia sifa duniani. Chini ya uongozi wake zilijengwa nyumba zaidi ya 12,000 katika mitaa kama Römerstadt, Praunheim na Westhausen. Kuta za baadhi yake ziliundwa kwa vipande vikubwa vya zege jepesi vilivyotengenezwa kiwandani na kuinuliwa kwa winchi. Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu mwanamke katika kundi lake, alibuni jiko dogo lililopimwa hatua kwa hatua ili mpishi asipoteze nguvu kwa kwenda na kurudi, na jiko hilo likafungwa katika maelfu ya nyumba hizo. Milango, vitasa na madirisha vyote vilikuwa vya vipimo vya aina moja. Paa zilikuwa bapa.

Suala la paa bapa linastahili kutajwa kwa sababu litarudi. Katika Ujerumani ya wakati huo wapinzani wa usanifu mpya waliliona paa bapa kuwa jambo la kigeni. Mtaa wa maonyesho wa Weissenhof, uliojengwa Stuttgart mwaka 1927 na wasanifu wa mwelekeo huohuo, ulidhihakiwa kwa kadi ya posta iliyochorwa ngamia, simba na watu wa kanzu, ukiitwa kijiji cha Waarabu. Waliochora kadi hiyo huenda hawakujua kwamba katikati ya Tanganyika, nchi iliyokuwa koloni lao hadi vita, kulikuwa na mji ambao Waarabu na Wanyamwezi walijenga nyumba za paa bapa bila ya mtu kuwacheka.

Oktoba 1930 May aliondoka na kundi la wenzake kwenda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwamo. Mkataba ulipokwisha mwaka 1933 hakuwa na pa kurudi: Wanazi walikuwa wameshika dola, naye alikuwa na asili ya Kiyahudi. Akachagua Tanganyika. Mwanzoni mwa 1934 alinunua shamba karibu na Arusha akawa mkulima, na miaka michache baadaye akaliuza na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa adui wakamzuia Afrika Kusini hadi 1942. Mtu aliyekimbia Ujerumani kwa kuwa hakuhesabiwa Mjerumani wa kweli aliwekwa kizuizini kwa kuwa Mjerumani.

3.0 Nyumba ya barabara ya misafara

Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Tabora, yalikuwa yamekwisha kushika mizizi Burton na Speke walipofika mwishoni mwa 1857. Mji ulisimama katika nchi ya Unyanyembe, njia panda ya misafara: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kuelekea Katanga. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu na kupanda na vitambaa, shanga na waya. Wengi walikaa wiki au miezi wakingoja mvua ipungue, vita viishe, au tajiri akamilishe mzigo. Mji wa namna hiyo huishi kwa kupokea wageni, na nyumba zake hujengwa kwa kazi hiyo.

Nyumba kubwa ya Tabora ya karne ya kumi na tisa ilikuwa tembe. Ramani yake ni ya mstatili: vyumba vimepangwa kuuzunguka ua, kuta ni za udongo, na paa ni bapa, la boriti na fito zilizofunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Mbele kuna baraza pana lenye nguzo. Ndani ya ua huweza kufungwa mifugo, kuwekwa mizigo na kulazwa wapagazi. Juu ya paa huanikwa nafaka. Kuta nene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, jambo lenye maana katika mji ulio mita takriban 1,200 juu ya usawa wa bahari. Tembe ina maadui wawili wakubwa, mchwa na mvua ndefu ya Novemba hadi Aprili, na wote wawili humlazimu mwenye nyumba kuikarabati kila mwaka. Lakini ukarabati huo hauhitaji fundi wa kuagizwa wala saruji ya meli. Udongo upo uani.

Tembe mashuhuri kuliko zote ni ile ya Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako Livingstone na Stanley walifikia Februari 1872, na ambako Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka huo akingoja wapagazi. Jengo lililopo leo lilijengwa upya katika miaka ya 1950 na kufanywa makumbusho. Hapa pana kinaya kisichoepukika. Katika muongo uleule ambao serikali ya kikoloni iliiona tembe kuwa makazi yasiyofaa, ilifufua tembe moja kwa uangalifu kwa sababu mgeni mmoja alilala humo.

Aina ya pili ya nyumba ilifuata barabara hiyohiyo kutoka pwani. Ni nyumba ya Kiswahili: paa la migongo minne, kwanza la nyasi au makuti kisha la mabati, baraza mbele, korido katikati inayotoka mlango wa mbele hadi ua wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, jiko, choo na bafu uani. Inaonekana Bagamoyo, na inaonekana Ujiji mwisho wa safari. Tabora imejaa nyumba za namna hiyo katika mitaa kama Gongoni, Ng'ambo na Isevya. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na tawi la Mwanza kukamilika mwaka 1928, mpagazi alitoweka lakini mgeni hakutoweka. Sasa alikuwa mfanyakazi wa reli, karani, mwanafunzi au mchuuzi, na bado alihitaji chumba.

Ubora wa nyumba hii hauonekani kwenye mchoro peke yake. Kila chumba kina mlango wake kwenye korido, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kuwa makazi kamili ya mtu au familia bila ya kubadili ukuta hata mmoja. Mwenye nyumba hukaa viwili na kupangisha vinne. Akijaliwa watoto wengi huchukua vitatu. Mume akifariki mjane hukaa kimoja, na kodi ya vingine humlisha. Nyumba hujengwa kwa awamu, chumba baada ya chumba, kadiri fedha zinavyopatikana. Kwa lugha ya uchumi, nyumba ya Kiswahili ni makazi na mtaji kwa pamoja. Kwa lugha ya jamii, ni mahali ambapo mgeni hugeuzwa mwenyeji, kwa kuwa korido na ua ni vya wote na mwenye nyumba humjua kila apitaye. Upungufu wake unajulikana pia: choo kimoja kwa watu wengi, moshi uani, ugomvi wa wapangaji, na vyumba visivyo na hewa ya kutosha pale madirisha yanapokuwa madogo. Upungufu huo ni wa kurekebishwa. Haufuti mantiki ya ramani.

4.0 May na nyumba ya Mwafrika

Hadi vita vya pili, sera ya makazi mijini katika Afrika Mashariki ya Kiingereza ilimwona mfanyakazi Mwafrika kuwa mpita njia. Alipewa kitanda katika kota za makapera, na mke alitarajiwa kubaki kijijini. Baada ya vita mtazamo huo ulianza kulegea, na May alikuwa miongoni mwa wataalamu waliosema waziwazi kwamba Mwafrika wa mjini ni mkazi wa kudumu mwenye haki ya kuishi na familia yake katika mtaa wenye shule, soko na mahali pa kukutania. Kwa wakati wake huo haukuwa msimamo mdogo, na tathmini yoyote ya haki lazima ianzie hapo.

Mwaka 1945 aliagizwa kupanga upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1947. Mafunzo ya Unwin yanaonekana dhahiri. Barabara zinafuata mizunguko ya vilima, nyumba zimekusanywa katika vitongoji, na mabonde yameachwa yawe maeneo ya kijani. Hata hivyo mpango huo uliwatenga watu kwa rangi: Kololo kwa Wazungu na Waasia, Naguru kwa Waafrika. Ndani ya sehemu ya Waafrika kwenyewe May alikusudia aina mbalimbali za nyumba zilingane na kile alichokiita hatua za maendeleo ya wakazi. Mkazi angeanzia nyumba sahili na kupanda kufikia nyumba iliyokaribia ya Kizungu. Nyumba, kwa fikra hii, ni shule, na anayeishi ndani yake ni mwanafunzi.

Ni vema kuilinganisha fikra hiyo na chumba cha Tabora. Katika nyumba ya Kiswahili mtu naye hupanda, kutoka mpangaji kuwa mwenye nyumba, lakini hupanda kwa akiba yake na ndani ya ramani ileile. Hakuna mtu wa nje anayempima ustaarabu kabla ya kumruhusu kuongeza chumba. Katika mpango wa Naguru kigezo cha kupanda kiko mikononi mwa mpimaji. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala zima. Inabaki vilevile hata nyumba ya May inapokuwa na choo bora na dirisha kubwa zaidi, kama ambavyo mara nyingi ilikuwa.

Kipindi hichohicho May alibuni nyumba ya vipande vya zege vya kutungikwa. Mbavu za zege zenye chuma zilisimamishwa zikiwa zimepinda na kukutana juu, kisha vibamba vyembamba vya zege vikaning'inizwa juu ya mbavu hizo kwa ndoana zao, hivyo ukuta na paa vikawa kitu kimoja kilichopinda. Kila kipande kilikusudiwa kuwa chepesi kiasi cha kubebwa na watu wachache bila ya winchi. Hii ilikuwa Frankfurt iliyopunguzwa uzito ili ifae nchi yenye mikono mingi na mashine chache, na kwa upande wa ufundi ilikuwa kazi ya akili. Nyumba ya mfano ilijengwa, lakini haikufuatwa na uzalishaji mkubwa.

Kwa nini umbo la kupinda? Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba May alitafuta umbo alilodhani ni la Kiafrika, akaliona katika nyumba ya msonge, hasa ya Kiganda. Hapo ndipo Tabora inapomsahihisha. Unyamwezi ulijua msonge na tembe kwa pamoja. Tembe ilikuwa ya mstatili, yenye pembe, vyumba vingi na paa bapa, kwa maneno mengine ilikuwa karibu zaidi na nyumba za May mwenyewe za Frankfurt kuliko zege lake lililopinda. Aliyeletewa dhihaka ya kijiji cha Waarabu kwa sababu ya paa bapa alifika katika nchi yenye paa bapa, akaamua kwamba Mwafrika anahitaji la duara. Aidha, ukuta uliopinda hauwezi kuongezwa chumba. Hauna baraza la kukaa wageni, na ramani yake ndogo ya familia moja haikubali mpangaji. Kipande cha zege kikivunjika, udongo wa uani hausaidii. Mwenye nyumba atarudi kiwandani, kama kiwanda kipo.

Haitoshi kusema kwamba teknolojia ilishindwa kwa bei. Bei ilikuwa sehemu ya tatizo. Sehemu nyingine ni kwamba nyumba ambayo haiwezi kupangishwa haijilipi, na familia ya mjini yenye kipato kidogo haiwezi kuimudu nyumba isiyojilipa hata ikiwa rahisi.

5.0 Pale mteja aliposema

Picha hubadilika kabisa mtu akitazama Moshi. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933 na kuwaunganisha wakulima wa kahawa wa Kichagga, kilikuwa kufikia mwisho wa miaka ya 1940 mteja mwenye fedha zake na matakwa yake. Kilimwajiri May kubuni makao makuu, na jengo likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake ziliwekwa ofisi za chama, maduka ya kukodisha, kumbi na vyumba vya kulala wageni, ambavyo kwa miaka mingi vimejulikana kwa jina la Coffee Tree. Kuta zimekingwa jua kwa vivuli vya zege, na hewa hupita bila ya mashine.

Mtu aliyezoea nyumba ya Tabora hulitambua jengo hilo mara moja. Lina mahali pa mwenyewe, lina vyumba vya kupangisha, na lina pa kumlaza mgeni aliyekuja mjini kwa shughuli. Wakulima walikuwa wameomba jengo ambalo linafanya kazi na kujilipa, na May, akiwa na mteja wa kumsikiliza, aliwapa. Hapakuwa na haja ya umbo la msonge. Hakuna aliyewauliza Wachagga wako hatua gani ya maendeleo. Waliuliza wao, na walilipa wao.

Jengo la Makumbusho ya Uganda kwenye kilima cha Kitante, Kampala, lililofunguliwa mwaka 1954, ni la daraja hilohilo. Ni jengo la chini, lililotandaa, ambalo mwanga wake huingia juu ya kuta na hewa yake hupitishwa kwa matundu yaliyopangwa kwa hesabu. Mwaka 2011 ulijitokeza mpango wa kulibomoa ili kujenga jengo refu la biashara. Watetezi wa urithi walipinga hadi mahakamani, na jengo bado lipo. Kazi nyingine za kipindi hiki, kama Hoteli ya Oceanic ya Mombasa na hospitali ya wazazi ya Aga Khan huko Kisumu, zinahitaji uchunguzi wa peke yake. Inatosha kusema kwamba nazo zilikuwa na wateja waliokaa mezani pamoja na msanifu.

6.0 Baada ya May

May alirudi Ujerumani mwaka 1954 akaongoza mipango ya shirika la nyumba la Neue Heimat, Hamburg, mji alikofia tarehe 11 Septemba 1970. Tanganyika aliyoiacha ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi ya kwanza kubwa ya Shirika ilikuwa kubomoa nyumba duni za Dar es Salaam, hasa Magomeni, na kujenga mpya za saruji. Jambo la kuzingatia ni ramani iliyochaguliwa: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Dola huru ilipopata nafasi ya kujenga kwa wingi, ilichukua nyumba ya barabara ya misafara na kuijenga kwa saruji, na wenye nyumba wakaendelea kupangisha vyumba kama kawaida.

Njia ya kubomoa na kujenga ilionekana ghali ikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Tembe nayo ilikumbwa na kampeni za nyumba bora za miaka ya 1970, zilizotaka tofali na bati kila mahali, na katika mikoa ya kati nyingi zilibomolewa bila ya mtu kuuliza zilikuwa na wema gani. Kwa upande wa miji, serikali ilianzisha mpango wa viwanja na huduma: ipime ardhi, ipitishe barabara na maji, kisha imwachie mwananchi ajenge mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Awamu ya kwanza ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, Tabora ilikuwa miongoni mwa miji iliyoongezwa. Mpangaji wa mji alichora viwanja na kuishia kwenye mpaka wa kiwanja. Kilichojengwa ndani ya mpaka huo kiliamuliwa na mwenye kiwanja, naye, akianza na vyumba viwili na korido fupi, kwa kawaida aliacha nafasi ya chumba cha mpangaji.